Kemia, Politekniki, na ugomvi wa mwaka mmoja

Binti wa kisa hiki yuko mwaka wa pili wa lisansi (shahada ya kwanza) ya kemia hapa Lubumbashi, Kongo. Anakaa Katuba kwa wazazi wake. Baba ni mstaafu wa migodini, mama anauza vitenge soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, kaka yake mkubwa anachukua sampuli katika kiwanda cha shaba na kobalti nje ya mji, na nyuma yake kuna wadogo wawili ambao bado wako sekondari. Mwaka wa kwanza alipita bila kubaki na kozi hata moja. Wa pili anauendea vizuri. Katikati ya mwaka huo akaleta nyumbani ombi lililowagawa: mwaka ujao anataka kujiandikisha pia Politekniki, yaani fakulte (kitivo) ya uhandisi, upande wa metalurjia (uchenjuaji wa madini), asome huku na huku, atoke na digrii mbili.

Baba alifurahi. Mama alinyamaza. Kaka alisema haiwezekani. Wakaniita nisome makaratasi na kuwaambia ninavyoona, kwa kuwa nimefundisha kemia muda mrefu na mtaani wananiita mwalimu hata wasionijua. Wamekubali niandike, majina nimeyaacha.

Wazo lilikotoka

Mtoto wa mjomba wake anasoma Brisbane, Australia, na kule amejiandikisha programu moja inayompa shahada ya uhandisi na shahada ya sayansi kwa pamoja. Kila simu kutoka kule ilileta habari zake, na baba, ambaye hapendi watoto wake wapitwe, akawa anairudia meza nzima ikisikia: "Mama, kama yule anaweza, weye unashindwa nini?" Mama huyo ndiye binti yake, baba wa hapa humwita binti mama anapotaka kumsifu au kumwomba jambo.

Nilianza hapo, kwa sababu mfano huo ndio uliokuwa unatawala mazungumzo bila mtu kuuchunguza. Ni kweli Australia mpango huo ni wa kawaida. Uhandisi peke yake huchukua miaka 4, sayansi peke yake miaka 3. Ukijumlisha ni 7, lakini programu iliyounganishwa humalizwa kwa miaka 5. Swali la maana ni hili: ile miaka 2 imekwenda wapi?

Haikumezwa na akili ya mwanafunzi. Chuo ndicho kilichoiondoa, na kiliiondoa kwa kalamu. Hisabati, fizikia na kemia za mwanzo huhesabiwa mara moja na kuingia kwenye shahada zote mbili. Nafasi ambazo mwanafunzi wa sayansi angezijaza na kozi za kujichagulia hujazwa na kozi za uhandisi, na zile za mhandisi hujazwa na sayansi. Ratiba hupangwa ili maabara ya huku isigongane na mtihani wa kule, au angalau mwanafunzi anajua mlango wa kubisha zikigongana. Kwa hiyo yule kijana wa Brisbane, muhula kwa muhula, anasoma kiasi kilekile anachosoma mwenzake mwenye shahada moja. Anasoma muda mrefu zaidi tu. Habebi mzigo wa watu wawili.

Wamarekani wana namna nyingine. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kina mpango ambao mwanafunzi husoma miaka 3 katika chuo kingine kilichokubaliana nacho, kisha anahamia Columbia kwa miaka 2 ya uhandisi, na mwishoni anapata shahada mbili. Hapo hata kuchanganya hakuna: ni kimoja, halafu kingine, na makubaliano ya maandishi katikati.

Namna zote mbili zinategemea kitu kimoja, yaani watu wa pande mbili walikaa wakakubaliana mapema kozi zipi zihesabiwe wapi. Binti alizunguka fakulte zote mbili akiuliza kama kuna makubaliano ya aina hiyo kati ya kemia na metalurjia, na hakuonyeshwa. Alichokuwa anapendekeza nyumbani, basi, hakikuwa programu ya Brisbane. Kilikuwa ni kujiandikisha mara mbili, kulipa mara mbili, na kutafuta mwenyewe namna ya kuwa sehemu mbili saa mbili asubuhi.

Hesabu ya saa

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya nchi nzima vimeingizwa kwenye mfumo wa LMD: lisansi miaka 3, masta miaka 2, halafu udaktari. Mwaka mmoja una krediti 60. Kule Ulaya mfumo huu ulikotoka, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, na hizo ni pamoja na kusikiliza, maabara, kusoma nyumbani na kuandika ripoti. Tukichukua 25, mwaka mmoja ni saa 1,500. Kujiandikisha mara mbili ni saa 3,000. Gawanya kwa majuma 40 ya masomo na unapata saa 75 kwa juma, kabla hajapanda teksi-basi, kabla hajafua blauzi ya maabara, kabla umeme haujakatika Katuba saa moja jioni na kurudi usiku wa manane. Na hizo ni saa za mwaka usiovutwa. Wanafunzi wa hapa wanajua mwaka wa elastiki ulivyo, ule unaovutika kupita ratiba yake.

Kaka yake alipoona hesabu hiyo aliona ameshinda. Kwa maoni yangu hakuwa ameshinda bado, kwa sababu kuna sehemu ya saa hizo 3,000 ambayo ni kitu kilekile kikifanywa mara mbili. Kama binti ameshafaulu uchambuzi wa hisabati, aljebra, fizikia ya jumla na kemia ya jumla, hakuna haja ya kuvirudia vyote. Swali likawa ni nani ana mamlaka ya kumwambia "hiki umeshafanya". Hapa kwetu ni fakulte inayompokea, kupitia watu wake wa kuangalia maombi, na wanaamua faili kwa faili. Mfumo wa LMD ulitengenezwa ili krediti ziweze kuhama na mwanafunzi, lakini kuweza kuhama si haki ya kuhama.

Baba na lisansi ya zamani

Ilichukua jioni nzima kugundua kwamba baba na binti hawakuwa wanazungumzia miaka ileile. Wakati wa baba, mtu alisoma graduwa miaka 3, akiongeza 2 anapata lisansi; lisansi ilikuwa miaka 5 na ilikuwa na uzito wake. Politekniki ilikuwa miaka 5 pia, na mtu alitoka injinia kamili, utaratibu tuliourithi kwa Wabelgiji tangu chuo kikuu kilipoanzishwa mjini mwaka 1955, mji ukiitwa bado Elisabethville. Kwa hiyo kichwani mwa baba, lisansi ya kemia na uinjinia vilikuwa ngazi moja. Alifikiri binti akimaliza lisansi mwaka ujao atakuwa sawa na malisansie wa zamani, halafu uinjinia uwe nyongeza ya pembeni.

Sasa si hivyo. Lisansi ya leo ni miaka 3, na kwa miaka iko pale ilipokuwa graduwa. Uinjinia kamili unabaki miaka 5, lisansi na masta. Baba alipoelewa, furaha ilipungua kwa dakika chache, kisha akageuka na kuwa mkali zaidi kwa upande uleule: "Basi ndiyo sababu apate vyote viwili." Sikumlaumu. Kwa mtu aliyeona jinsi kazi za migodini zilivyoyeyuka, karatasi ya pili ni kama akiba.

Lakini kiwanda hakilipi kwa idadi ya karatasi. Kinaajiri mtu kwa nafasi moja na kumlipa mshahara wa nafasi hiyo. Karatasi ya uinjinia inafungua milango ambayo ya kemia haifungui, hasa akitaka kuvuka Kasumbalesa, mpaka wa kwenda Zambia. Zambia mhandisi lazima asajiliwe na Engineering Institution of Zambia. Afrika Kusini kuna baraza lake, na nchi hiyo imo tangu 1999 kwenye makubaliano ya Washington ya kutambuliana shahada za uhandisi. Lisansi ya kemia, hata iwe na alama nzuri vipi, haimfanyi mtu awe mhandisi mbele ya mabaraza hayo. Kwa hiyo kama shabaha ingekuwa ni cheo tu, jibu lilikuwa jepesi: achague uhandisi, aache hesabu za mbili. Nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini hasa.

Kobalti ya kaka

Jibu lake ndilo lililonifanya niache kulichukulia ombi hili kama tamaa ya vyeti. Alitoa mfano wa kazini kwa kaka yake.

Madini yanayofika kwenye kiwanda kile yana malakaiti na heterojeniti. Malakaiti ni kabonati ya shaba. Ukiitia asidi ya sulfuriki inatoa povu na shaba inaingia kwenye maji bila ubishi. Heterojeniti, ile nyeusi yenye kobalti, hukaa. Kaka alikuwa anapeleka sampuli za mabaki na kila mara zinarudi na kobalti nyingi iliyobaki. Kazini walikuwa wanasema "ongeza asidi". Binti, aliyekuwa ametoka kusoma hali za oksidesheni, akamwambia kwamba asidi peke yake haitasaidia sana: kobalti ya heterojeniti imepoteza elektroni tatu, na kwa hali hiyo haikubali kuyeyuka, mpaka uirudishie elektroni moja. Ndiyo maana viwanda vya hapa Katanga hutia metabisulfiti ya sodiamu au gesi ya dioksidi ya sulfuri. Kaka akajibu kwamba dawa hiyo wanaitia tayari, na bado kobalti inabaki.

Hapo kemia yake ikakwama, na alijua imekwama. Je, dawa inaingizwa wapi kwenye tangi, juu au chini? Matope yanakaa ndani muda gani kabla ya kusukumwa tangi linalofuata? Kichanganyaji kinaingiza hewa, na hewa inaila dawa kabla haijafika kwenye madini? Madini yamesagwa kwa ukubwa gani? Gesi ikitoroka, wanaofanya kazi juu ya tangi wanavuta nini? Na tani moja ya dawa inaokoa kobalti ya thamani gani? Hayo yote ni maswali ya mhandisi. Mhandisi naye akikosa kemia ataongeza pampu mahali ambapo tatizo ni elektroni.

"Mwalimu, nataka niwe mtu ambaye laboratwari na kiwanda vyote vinamsikiliza," alisema. Nimesikia wanafunzi wengi wakieleza kwa nini wanataka kusoma kitu fulani, na kwa kawaida ni maneno ya wazazi yaliyokaririwa. Haya yalikuwa yake.

Kilicho chake na kisicho chake

Tulikaa na silabo zake (vitabu vya kozi) za miaka miwili upande mmoja, na upande wa pili orodha ya kozi za metalurjia aliyoipata kwa rafiki. Nilimwambia asiangalie vinavyofanana. Aangalie visivyofanana, kwa kuwa digrii ya pili ina thamani pale tu isiporudia ya kwanza.

Upande wa kemia kulikuwa na mambo ambayo mhandisi huyapitia kwa haraka au hayagusi: kemia ya uchambuzi kwa kina, spektroskopia, kemia ya ogani, muundo wa atomu. Na hizo oganiki, ambazo wanafunzi wengi wa hapa wanaziona hazina kazi Katanga, ndizo zinazoeleza dawa za oksimu zinazoshika shaba na kuacha chuma kwenye hatua ya kuvuta shaba kutoka majini kwa mafuta, kabla ya elektrolisisi. Upande wa metalurjia kulikuwa na mekanika ya vimiminika, uhamishaji wa joto, uimara wa vifaa, uchoraji wa kiufundi, umeme wa viwandani, kusaga na kuelea kwa madini, tanuru, na uchumi wa mradi. Hayo hakuwa ameyaona kabisa.

Katikati kulikuwa na eneo la pamoja: hisabati, fizikia, kemia ya jumla, thermodinamiki, takwimu, kidogo cha programu za kompyuta. Hapa ndipo niliposita zaidi. Hisabati ya kemia na hisabati ya Politekniki zina jina moja kwenye karatasi, lakini ya pili kwa kawaida ina saa nyingi zaidi na inakwenda mbali zaidi kwenye milinganyo ya difarensia. Faili ya aina hii ikianguka, mara nyingi inaangukia hapo. Fizikia na kemia zitapita, hisabati itaulizwa.

Kuna jambo jingine lililomfanya baba aniangalie kwa jicho baya. Kama binti huyu angenijia siku alipopata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, ningemwambia aanze na Politekniki, kisha sayansi. Uhandisi umejengwa ngazi juu ya ngazi: hutaweza kozi ya pampu bila mekanika ya vimiminika, wala mekanika hiyo bila hisabati yake. Anayeingia katikati anakuta ngazi za chini hana. Sayansi inamsamehe zaidi anayetoka uhandisini. Injinia anayetaka kuzama kwenye kemia ya kobalti anaweza kufanya hivyo kwenye masta au udaktari. Kutoka kemia kwenda uhandisi ni kupanda kilima upande wenye mawe. Lakini ameshapanda miaka miwili, na kumshauri kana kwamba yuko mwanzo ni kumpotezea muda.

Ugomvi wa mwaka mmoja

Nikaandika njia tatu kwenye karatasi na kuhesabu miaka tangu alipoanza chuo.

Ya kwanza ni yake: mwaka ujao asome mwaka wa tatu wa kemia pamoja na mwaka wa kwanza wa metalurjia. Kemia itaisha mwishoni mwa mwaka huo wa tatu. Metalurjia itabaki na miaka minne. Jumla miaka 7.

Ya pili: amalize kemia kwanza bila kugusa kitu kingine, kisha aombe Politekniki akiwa na krediti 180 mkononi. Wakimkubalia aingie mwaka wa pili, ni 3 na 2 na 2, jumla miaka 7. Wakimweka mwaka wa kwanza, ni miaka 8.

Ya tatu: aache kemia sasa, ahamie Politekniki mara moja. Akiingia mwaka wa pili, jumla 6. Akianza upya, 7. Lakini anatoka na karatasi moja, na miaka miwili ya kemia haina cheti.

Nilirudia mara ya pili nikidhani nimekosea, kisha nikamwonyesha kaka. Njia iliyowagombanisha nyumba nzima, ya kusoma vyote kwa wakati mmoja, ingegongana mwaka mmoja tu. Na faida yake juu ya njia ya pili ni ama sifuri, kama krediti zitatambuliwa, ama mwaka mmoja, kama hazitatambuliwa. Kwa faida hiyo angetoa mwaka mbaya kuliko yote wa kuugawa: mwaka wa tatu wa kemia wenye staji (mafunzo ya kazini) na kazi ya mwisho, juu ya mwaka wa kwanza wa Politekniki wenye hisabati inayowakata wengi. Akianguka mmoja kati ya hiyo miwili, ile faida imeliwa. Akianguka yote miwili, amepoteza kuliko asingejaribu.

Baba aliisoma karatasi muda mrefu. Halafu mama, ambaye jioni zote alikuwa anakunja vitenge bila kusema, akauliza: "Na nani atalipa minervali mbili mwaka ambao mdogo wake anaingia chuo?" Lilikuwa swali zuri kuliko yangu yote. Minervali, yaani ada ya chuo, ni sehemu tu. Kuna silabo za kununua, usafiri, kuchapisha ripoti, na staji ambayo mara nyingi hailipwi. Kuhesabu miaka bila kuhesabu mfuko ni mchezo wa walimu. Njia ya pili inaeneza gharama hizo, tena baada ya mwaka wa tatu anakuwa na lisansi inayoweza kumpatia kazi ya maabara kwa muda, kufundisha sekondari, au angalau masomo ya jioni ya watoto wa mtaa.

Idara iliyokuwa imesahaulika

Kabla ya kushauri njia ya pili nilitaka waione njia ya tatu kwa haki, maana haikupewa nafasi mezani. Politekniki ya Lubumbashi ina metalurjia, ina migodi, na ina kemia ya viwanda. Hii ya mwisho hakuna aliyeitaja. Kwa mwanafunzi ambaye anataka karatasi moja, iliyo na kemia ya kutosha na uhandisi kamili, hiyo ndiyo ndoa ambayo watu wanaitafuta kwa kuandika majina mara mbili. Miaka yake miwili ya kemia ingetambulika huko kwa urahisi kuliko penginepo, na angetoka injinia.

Hapo hapo ndipo ninapotofautiana na mwalimu mwenzangu mmoja niliyemsimulia faili hili bila jina. Yeye alisema: basi hata akimaliza lisansi aende kemia ya viwanda, atapata krediti nyingi. Nadhani amegeuza hesabu. Kama anataka karatasi moja, kemia ya viwanda, kwa sababu inabeba vyote viwili. Lakini kama atakuwa na lisansi ya kemia tayari, kemia ya viwanda itamrudishia mengi anayoyajua. Metalurjia itampa krediti chache za kuanzia na mambo mengi mapya. Krediti nyingi zinazotambuliwa maana yake ni kwamba unalipia kujifunza kidogo. Kwa mtu wa pili huyu, idara iliyo mbali ndiyo iliyo bora, mradi isiwe mbali kiasi cha kumrudisha mwaka wa kwanza.

Kwa binti huyu nilipendekeza njia ya pili pamoja na metalurjia, na kazi ya kuanza sasa hivi, mwaka huu wa pili ukiwa bado haujaisha. Aende kwa fakulte anayoitaka akiwa na karatasi zake za alama na maelezo ya kila kozi: yaliyofundishwa, saa, krediti, sahihi. Wengi hupeleka alama peke yake, na anayeangalia faili hawezi kujua "Hisabati 2" ilifika wapi. Aombe jibu la maandishi, hata liwe la awali, kabla hajaanza mwaka wa tatu, ili ajue hisabati ipi inakosekana. Akishajua, aisome pembeni kwenye mwaka huohuo wa tatu, ajiandae pia kwa jaribio la kuingia. Hapo ndipo wakati wa ziada alioutaka kuutumia kwa kujiandikisha mara mbili unapofaa: kozi moja au mbili, si mwaka mzima. Na kazi yake ya mwisho ya kemia aiandike juu ya uyeyushaji wa heterojeniti, kwa sampuli zitakazopatikana kihalali kupitia staji, si kwa mfuko wa kaka. Kazi hiyo itamtambulisha Politekniki kuliko barua yoyote.

Faili lilipofikia

Alipeleka maelezo ya kozi. Fizikia, kemia ya jumla na takwimu walizipokea kwa mdomo. Hisabati, kama nilivyotarajia, waliomba waone silabo yenyewe, na wakamwambia uchoraji wa kiufundi atapaswa kuufanya hata akiingia mwaka wa pili. Jibu la maandishi bado. Kaka amemtafutia barua ya maombi ya staji. Baba ameacha kutaja Brisbane kwenye chakula, ingawa nasikia kwenye simu na shemeji yake bado anasema binti anasoma "diplome mbili".

Kilichobaki kati yangu na yeye ni sharti nililoliweka. Wakimpa mwaka wa pili, aende metalurjia bila kusita. Wakimrudisha mwaka wa kwanza, miaka inakuwa 8, mdogo wake atakuwa chuoni kwa karibu muda huo wote, na hapo ushauri wangu unabadilika: aombe kemia ya viwanda, ambako ana nafasi kubwa ya kuingia juu, au afanye masta ya kemia inayohusu uyeyushaji wa madini na aukubali ukweli kwamba hatakuwa injinia. Baba hataki kusikia hilo la mwisho. Binti naye ameniambia kwa heshima kwamba hata ikiwa 8 atakwenda metalurjia, na kwamba atafundisha masomo ya jioni kulipia. Mama alimuuliza masomo ya jioni atayafundisha saa ngapi, na hapo ndipo tulipoachia.